Harage Nalo Linachagua

Hapa Wingwi maharage ya nazi yakifika mkekani, ugomvi tuliouzoea ni wa chumvi. Siku hizi umeingia mwingine: lektini. Kijana wetu, aliyekuja likizo kutoka chuoni Unguja, kaiona kwenye simu, akasukuma sahani. "Ami, hii sumu ya mimea." Mke wangu, aliyeikuna nazi ile mwenyewe juu ya mbuzi, hakumjibu. Aliivuta sahani, akamkabidhi mdogo wake.

Sasa na mimi nikalazimika kusoma, uzee huu. Kumbe mwaka 1888 huko Dorpat, Tartu ya Estonia ya leo, Hermann Stillmark alikuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari. Alichukua mbegu za mbarika, akaona zina kitu kinachozifanya chembe nyekundu za damu zigandamane mabonge. Mbarika hii hii, inayojiotea nyuma ya nyumba bila kupandwa! Mwenzetu imempa udaktari. Mimi inanipa kazi ya kufyeka.

Baadaye ikaonekana protini za namna hii zimo kwenye mimea mingi, na baadhi zina ubaguzi. Huko Marekani, William Boyd aliona ile ya maharage ya Lima inaigandamanisha damu ya kundi A, ya kundi B inaiacha. Mwaka 1954 yeye na Elizabeth Shapleigh wakazitafutia jina, wakachukua neno la Kilatini legere: kuchagua, kuteua. Ndiyo lektini hiyo.

Hapo nilichoka. Wachaguzi ninao wa kutosha humu ndani. Huyu hali ngozi ya samaki, yule hataki muhogo uliolala, na sasa harage nalo linachagua! Sisi tuliambiwa mchagua nazi hupata koroma. Mchagua damu kapata jina la Kilatini.

Sumu ipo, sibishi. Maharage mekundu yakiliwa mabichi au nusu mabichi, utatapika mpaka uione nyongo. Lakini yakirowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha yakachemka kwa nguvu nusu saa na zaidi mpaka yakaiva barabara, lektini hiyo haina ubavu tena. Hatari ni kuyaweka juu ya moto wa kubahatisha ili kuni zibaki, na mwenye tabia hiyo hapa nyumbani anajijua.

Basi nyinyi vijana wa simu, mkiona maharage msituhutubie. Chukueni shoka, kuni zimekwisha.