Hotuba ya Bingwa wa Mantiki, Aliyoitoa Bila Kuombwa

Waheshimiwa bami, mama, baba, nanyi vijana mlioegemea chukudu hapo nyuma, shukuruni! Aristotle alikufa bila kufika Masisi. Mimi nimefika, tena kwa pikipiki kutoka Sake, na shahada zangu ni nyingi kiasi kwamba adabu inanikataza kuzionyesha.

Hoja ni kauli mbili na hitimisho. Kauli ya kwanza: penye madini pana vita. Ya pili: Rubaya pana koltani. Basi Rubaya pana vita. Imenyooka! Sasa naigeuza, maana ubingwa ni kugeuza: pasipo na madini hapana vita. Wapo wabishi wasemao sina ruhusa ya kugeuza hivyo. Eti ukisema kila ng'ombe ana kwato, hujasema asiye ng'ombe hana kwato, na mbuzi ni shahidi. Mbuzi hajasoma.

Serikali ilinielewa. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifunga machimbo ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, akayafungua Machi 2011. Wachimbaji wa Bisie, kule Walikale, walikosa kazi, magendo yakaendelea, wenye bunduki wakabaki nazo. Mtu wa kawaida atasema nadharia imeanguka. Mimi nasema vita ndiyo ilikosea: haikusoma amri.

Julai 2010 Marekani nayo ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yatangaze kama madini yao yametoka Kongo au kwa jirani zake. Wanunuzi wengi wakaona usafi rahisi ni kutonunua kwetu kabisa. Kumbe asiyenunua hana hatia, na asiyeuza halali njaa! Hiyo kauli ya mwisho niliiongeza mimi, ili hoja isipungue uzito.

Ndiyo, mama muuza jibini, naona mkono wako.

"Profesa, mauaji ya soko la Ntoto, huko Walikale, yalitokea Machi 1993, moto ukaingia Masisi kwa ugomvi wa ardhi na uraia. Bei ya koltani ilipaa mwaka 2000. Sababu inakujaje miaka saba nyuma ya tokeo lake?"

Swali jepesi, mama. Sababu iliondoka mapema; ilikwama kwenye matope ya barabara ya Walikale. Nani mwingine? Yule mzee wa kofia asipewe nafasi, namjua: ataomba ushahidi.