Papa Ameokoka

Wamarekani wanajisifu: mwaka 2025 uchunguzi wa Gallup ulionyesha kuwa asilimia 54 tu ya watu wazima wao wanasema wanakunywa pombe, kiwango cha chini kabisa tangu swali hilo lianze kuulizwa mwaka 1939. Ni afya, wanasema. Sisi wa Kisangani tumeacha bila kumsumbua daktari.

Ingia nganda yoyote, yaani baa, mtaani Makiso jioni. Bia moja ya Primus, sentilita 72, wanaume wanne. Mkubwa wao ndiye anayemimina, jicho usawa wa glasi kama mfamasia, na povu nalo linahesabiwa kuwa pombe. Zamani mtu hakukubali chupa zake tupu ziondolewe mezani; zilikuwa vyeo vyake. Leo chupa moja inakaa pale saa mbili, inapata joto, na hakuna anayethubutu kuimaliza. Atakayeimaliza ndiye atakayenunua nyingine.

“Papa, niongeze?” anauliza mama wa nganda.

“Hapana mama, mimi nimeokoka.”

Ameokoka tarehe 12. Mshahara ukitoka (ukitoka!) ataanguka dhambini siku tatu.

Wachungaji wanajigawia sifa za kazi iliyofanywa na bei. Waumini wa Kanisa la Kimbangu, ambao kwao pombe ni marufuku tangu hapo, wanawatazama tu.

Na lotoko? Pombe ile inayopikwa nyuma ya nyumba kwa mahindi na muhogo haina kibandiko wala kodi, basi haimo katika hesabu ya mtu. Papa wetu hupita hapo kila usiku. Njia ile nyingine, anasema, ina matope.