Barua ya Wazi kwa Wizara ya Viwanda na Biashara

Kwa: Katibu Mkuu, Wizara ya Viwanda na Biashara, Dodoma

YAH: PONGEZI KWA KUMHUDUMIA MFANYABIASHARA WA KOMPYUTA KABLA HAJAFANYA BIASHARA

Biashara ndogo ya huduma za TEHAMA nchini Tanzania huwa na mtu mmoja hadi watano wanaotengeneza kompyuta, kufunga mitandao ya ofisi, kuunda tovuti na kutunza mifumo ya shule, maduka ya dawa na SACCOS. Kwa mujibu wa hotuba za makongamano ya vijana, mtaji wake ni kipaji na kompyuta moja. Hotuba hizo husahau fremu, dalali, leseni, umeme na dola. Wizara inapongezwa kwa dhati, kwa sababu karibu kila gharama itakayotajwa hapa ni halali, ina risiti, na ukiitazama peke yake ni ndogo.

Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa shilingi 20,000: maombi 5,000, usajili 15,000. Wateja wakubwa, hata hivyo, hupenda kuona kampuni. Yenye mtaji wa hisa usiozidi shilingi milioni moja hulipiwa 95,000 za usajili, 66,000 za kuwasilisha nyaraka na 6,200 za ushuru wa stempu, jumla 167,200. Yote hufanyika mtandaoni. Hapo fundi wa mitandao hupata zoezi la kwanza la taaluma yake, yaani kungoja mfumo urudi.

Namba ya mlipakodi hutolewa bure. Jambo hili linastahili aya yake.

Baada ya namba huja makadirio. Ofisa wa kodi na mtu ambaye bado hajapata mteja hukaa mezani na kukubaliana kuhusu mauzo ya mwaka mzima. Mmoja hajui atauza kiasi gani. Mwingine hana shaka hata kidogo. Bajeti ya 2019/20 ilileta nafuu ya miezi sita kwa walipakodi wapya kabla ya kuanza kulipa kodi ya mapato, na shukrani zinatolewa hapa bila kejeli: mtoto sasa huachwa kwanza atambae ndipo adaiwe nauli.

Sehemu yenye ubunifu zaidi ni leseni. Leseni ya biashara, ambayo msingi wake ni sheria ya 1972, huombwa kwa kuonyesha cheti cha kutodaiwa kodi na uthibitisho wa mahali pa biashara, kwa kawaida mkataba wa pango. Kwa hiyo chumba hukodiwa kwanza, ruhusa ya kufanya kazi ndani yake hufuata. Mafundi wengi wangeweza kuanzia sebuleni kwao, kwa kuwa tovuti haihitaji kioo cha mbele wala mlango wa barabarani. Lakini fomu ina nafasi ya kuandika mahali, na nafasi ya fomu haipendi kubaki wazi.

Fremu ina uchumi wake, na hapa inafaa kwenda polepole. Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, sehemu ya kawaida isiyo Kariakoo, ambako kabla ya kodi huweza kudaiwa kilemba. Mwenye nyumba hutaka miezi sita kwa mkupuo: 1,800,000. Dalali, aliyefungua mlango na kuwasha taa, hutaka kodi ya mwezi mmoja: 300,000. Mkataba nao hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kisha huja kodi ya zuio. Sheria humtaka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya kodi ya pango, yaani 180,000, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato kwa niaba ya mwenye nyumba. Hivyo kijana aliyekuja mjini kurekebisha kompyuta huteuliwa kuwa wakala wa serikali bila barua ya uteuzi wala posho. Mwenye nyumba akielezwa utaratibu huu, husikiliza kwa heshima, kisha hutaka 1,800,000 zake kamili. Sheria inasema mkataji ni mpangaji. Mwenye nyumba anasema mpangaji mwingine yuko nje anangoja. Mpangaji hulipa pande zote mbili, na kwenye vitabu vya serikali huonekana kwamba kodi ya mwenye nyumba imelipwa na mwenye nyumba.

Halmashauri haikai mbali. Kuna ada ya taka, ada ya bango, na ushuru wa huduma ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Mauzo, wala si faida: fundi aliyenunua diski kwa bei kubwa na kuiuza kwa hasara bado ameipatia halmashauri huduma. Bango hutozwa kwa ukubwa, na hiyo huenda ndiyo sababu mabango mengi ya mafundi husomeka tu ukiwa umeshaingia ndani.

Umeme hulipwa kabla ya kutumika, kupitia LUKU, na tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Mwaka 2023 kodi hiyo ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye mita ni mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Bado kuna betri na inveta, kwa sababu seva haijazoea mgao.

Intaneti nayo inahitaji laini mbili za kampuni tofauti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, mafundi walipigiwa simu na wateja walioamini kwamba kosa liko kwenye ruta. Mwaka uliotangulia, mwezi Oktoba, watumiaji wa VPN walitakiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kutoa taarifa za matumizi yao, na adhabu zilitajwa: faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Kwa fundi anayeingia kwenye seva ya mteja akiwa mbali, VPN ni bisibisi. Serikali iliyotaka orodha ya bisibisi haijawahi kushutumiwa kwa uvivu.

Programu na hifadhi za nje hulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mteja, aliyesaini mkataba kwa shilingi, hakuhisi lolote.

Akiajiriwa msaidizi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ukigawanywa kati ya mwajiri na mwajiriwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchukua asilimia 0.5 kutoka kwa mwajiri. Tozo ya kuendeleza ujuzi huanza kwa waajiri wenye wafanyakazi kumi, kwa hiyo ofisi yenye tisa haina haraka ya kukuza ujuzi wa mwingine.

Hatimaye mteja hupatikana, na mara nyingi ni taasisi ya umma. Zabuni hupita kwenye mfumo wa NeST, kazi hufanyika, ankara hutumwa. Asilimia 5 ya ada ya huduma huzuiwa kama kodi wakati wa malipo. Wakati wenyewe hautajwi. Madeni ya wazabuni hujitokeza mara kwa mara katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ilhali tarehe za kodi za mfanyabiashara hazijawahi kuchelewa hata siku moja.

Mpango wa serikali yenyewe wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara ulikiri kwamba mamlaka za udhibiti ni nyingi na tozo zao hugongana. Kilichobaki ni hesabu ya kujumlisha, ambayo kila ofisi huiachia nyingine. Wizara inaombwa kumteua ofisa mmoja wa kuifanya, na mshahara wake usitafutiwe tozo mpya.

Nakala: Mwenye nyumba, pamoja na risiti ya asilimia 10, kwa taarifa.