Sifa za Ruta ya Nyakiriba

Nchi hii ya Rwanda inajua kusifu. Ng'ombe wa Inyambo walitungiwa mashairi yao, amazina y'inka, na pembe zao zikaimbwa mbele ya mfalme. Naomba basi nafasi ndogo hapa Nyakiriba, kwenye vilima vya viazi na vitunguu juu ya Gisenyi, nimsifu mtumishi ambaye hakuna aliyewahi kumwimba: ruta ya intaneti ya nyumbani. Ana antena nne, taa tano na mwendo wa heshima.

Naanza na jina lake la sifa, maana analo. Kasha lake limeandikwa AC1200, na hapo pana ushairi mtupu. Wenye kiwanda walichukua megabiti 300 kwa sekunde za masafa ya gigahezi 2.4, wakajumlisha na 867 za gigahezi 5, wakapata 1167. Namba hiyo haikuwapendeza machoni, wakaikweza hadi 1200. Simu yako, kwa kawaida, hushika masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Ni sawa na kuambiwa kwamba baiskeli inashuka Gisenyi kwa kilomita 40 kwa saa, lori la viazi linashuka kwa 60, kwa hiyo wewe utafika kwa 100. Na hata hizo 300 na 867 ni namba za maabara. Hewani vifaa hupokezana zamu, kimoja kikisema vingine vinanyamaza, na kila kilichopokelewa lazima kijibiwe kwamba kimefika. Nusu ikikufikia, fanya sherehe. Kuna ruta za jina hilohilo ambazo tundu lao la waya, kule nyuma pasipotazamwa na mtu, linapitisha megabiti 100 basi. Ng'ombe gani wa mfalme alisifiwa mara 12 ya alivyo?

Ruta yenyewe, angalieni, haikusema neno. Kasha ndilo lililosema.

Na hapa ndipo ninapomvulia kofia: hakuna anayebeba lawama za wenzake kama yeye. Sisi tunajenga kuta za mawe meusi ya volkano, tunaezeka mabati, tunatia milango ya chuma, kisha tunamsukuma nyuma ya televisheni na mama mwenye nyumba anamfunika kitambaa cha kufuma asipate vumbi. Mawimbi ya gigahezi 5 huchoka upesi yakikuta ukuta wa mawe. Chumba cha pili rezo, yaani mtandao, haiko, na anayetukanwa ni ruta.

Bahari nayo humtwisha mzigo wake. Rwanda haina pwani. Data yetu husafiri nchi kavu kupitia majirani hadi Dar es Salaam na Mombasa ndipo iingie majini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Sijui ni nyumba ngapi za wilaya yetu ya Rubavu zilizomchomoa ruta siku ile, zikamchomeka tena, zikampiga kofi la ubavuni. Yeye aliwasha taa zake zote tano akaendelea kupepesa, kana kwamba kosa la kule baharini ni lake.

Elimu pia ametupa. Kijana wa kidato cha pili anayesubiri filamu atagundua mwenyewe, bila mwalimu, kwamba kasi ya kifurushi huuzwa kwa megabiti na filamu hupimwa kwa megabaiti, na kwamba biti 8 ndizo baiti 1. Atapiga hesabu: gigabaiti 1 kwa megabiti 10 kwa sekunde ni dakika 13 na ushei, ahadi ikitimizwa. Haitimizwi, kwa hiyo atarudia hesabu. Wizara ya elimu ingetumia fedha nyingi kupata mwanafunzi mwenye bidii ya namna hiyo.

Lakini tunu yake kubwa iko kwenye mambo ya ukoo. Jumapili jioni mjomba anapiga simu ya video kutoka Ubelgiji. Anasalimia kila mtu, anauliza mvua, anauliza mavuno, kisha anajikohoza: "Na lile shamba la marehemu baba yenu, mmefikia..." Hapo anaganda, mdomo wazi, kidole juu. Taa zinapepesa. Tunasema kwa huzuni, "Mjomba, tunakupoteza, mjomba!" na chai inamiminwa. Balozi gani ameahirisha ugomvi wa mipaka kwa adabu hiyo, mwaka baada ya mwaka, kwa umeme kidogo kiasi hicho?

Wapo watakaotaka kumvunjia heshima. Njia ipo. Mtoe nyuma ya televisheni, mvue kitambaa, mweke juu, katikati ya nyumba. Simu za chumba alichomo ziachie gigahezi 5, na za vyumba vya mbali zibaki na 2.4, huko nako mchagulie chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo jirani hajaijaza. Kompyuta ya mezani ipe waya. Kasi itapanda, pengine maradufu. Mjomba naye utamsikia hadi mwisho, na utamjibu wewe.