Fika Mvua Ikiwa Imenyesha: Jinsi ya Kukagua Yadi ya Malori Chepsaita

Usiende siku ya jua. Chagua asubuhi ya mwezi wa Mei, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha Uasin Gishu. Vaa gambuti. Yadi iliyoonekana safi juzi sasa ina dimbwi linalometameta rangi saba, na dimbwi hilo lina pa kwenda. Liandame mpaka mtaroni. Mitaro ya upande huu huishia mitoni, na maji ya Sosiani huingia Kipkaren, ya Kipkaren huingia Nzoia, nayo Nzoia humwaga kila kitu Ziwa Viktoria. Kinachodondoka chini ya trela Chepsaita kina safari ndefu mbele yake.

Mwenye yadi atakupokea vizuri. Mtaamkuana kwa "chamgei", utavutiwa kiti, utaletewa maziwa ya mursik na faili nene. Salimia kila mtu kwa heshima, kisha omba mursik isubiri na faili nayo isubiri. Anayeanza na faili humaliza na faili. Sheria ya mazingira ya 1999 inamruhusu mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kuingia saa zozote za busara bila hati ya mahakama. Ruhusa hiyo ina maana nyuma ya gereji, kule ambako hakuna aliyepanga kukupeleka.

Huko nyuma, piga hesabu. Injini ya trela hubeba lita 35 hivi za oili. Yadi yenye trela 20, kila moja ikibadilishwa oili mara nne kwa mwaka, hutoa karibu lita 2,800, yaani mapipa 14 ya lita 200. Injini huunguza kiasi, lakini mapipa yaliyobaki lazima yawe mahali. Omba risiti za oili mpya iliyonunuliwa, uziweke kando ya stakabadhi za oili chafu iliyochukuliwa. Pengo likiwa kubwa, inua macho utazame ua: nguzo zilizopakwa weusi kuzuia mchwa zitakujibu. Tazama na uwanja ulionyunyiziwa oili ili vumbi litulie. Oili hiyo imebeba chembe za metali zilizosagika ndani ya injini, pamoja na kemikali zinazohusishwa na saratani. Ua huo mtoto huuegemea.

Zungumza na taniboi, tena peke yake. Yeye ndiye hutumwa kumwaga. Muulize humwaga wapi, wala usimtishe. Mikono yake imekuwa ndani ya uchafu huo kabla ya mto kuuonja, na hakuna aliyempa glavu. Kwenye ripoti, usiandike jina lake.

Kwenye betri, usiwe na haraka. Zinapaswa kukaa wima, juu ya sakafu isiyopitisha maji, chini ya paa. Ukikuta zimepasuliwa na asidi kumwagwa, uliza madini ya risasi yaliuzwa kwa nani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwajaza watu risasi mwilini, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ulipinduliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Betri zinazoyeyushwa hutoka kwenye yadi kama hii.

Maji ya kijani ya kupozea injini yana utamu. Ndama akipita, anaweza kuyanywa, na figo zake huenda zisipone. Hakikisha yana chombo chenye kifuniko.

Sasa ndipo ufungue faili. Tafuta ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka, leseni ya anayebeba taka hatari, na hati ya kufuatilia kila shehena kutoka yadini hadi inakoishia, kama kanuni za usimamizi wa taka zinavyotaka. Ukiambiwa "kuna kijana huja na pikapu", andika hivyohivyo, kisha uliza kijana huyo ana leseni ya nani.

Toa amri ya kurekebisha yenye tarehe, na tarehe hiyo urudi. Kabla ya kuondoka, pitia kwa jirani mwenye kisima umweleze ulichokiona. Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inamruhusu kwenda mahakamani kudai mazingira safi, wala hahitaji kuthibitisha kwamba ameshaumia.