Sidii ya Mzee Iko Wapi?

Jumamosi iliyopita, mbele ya wateja, mawinga na muuza kahawa, kijana mmoja wa kibanda cha kompyuta Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, alimuuliza Mwandishi kwa sauti ya mnada: "Shikamoo mzee. Sidii yako ya window iko wapi?" Mwandishi akapapasa mfuko wa shati, kana kwamba watu hutembea nayo. Winga mmoja akacheka mpaka akashika nguzo. "Mzee kaja na jeneza, marehemu kamwacha nyumbani!"

Mashine yenyewe ni kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Ujerumani. Usiku uliotangulia umeme ulikatika kazi ikiwa imenoga, na betri ilishakufa kitambo. Uliporudi, kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza ukidai kuna faili halionekani na kuagiza Ctrl, Alt na Del zibonyezwe kwa pamoja. Ujanja huo wa vidole vitatu aliubuni David Bradley, mhandisi wa IBM, kwa ajili ya kompyuta iliyotoka mwaka 1981. Mwandishi alibonyeza kwa adabu zote. Mstari ukarudi uleule.

Kijana, huku mikono yake ikifumua simu ya mtu mwingine, akaanza kufundisha, na hata winga akanyamaza. Ukiwasha mashine ya umri huu, kinachoamka kwanza si Windows, ni chipu ndogo iliyo kwenye ubao. Inakagua kumbukumbu, inakagua kibodi, kisha inakwenda kusoma kipande cha kwanza kabisa cha diski: baiti 512, hazifiki hata SMS nne. Sehemu kubwa, baiti 446, ni ya maelekezo. 64 ni ramani ya mgawanyo wa diski. Mbili za mwisho ni mhuri, 55 na AA. Mhuri usipoonekana, chipu inaikataa diski nzima, hata kama imebeba picha za harusi na kitabu ambacho hakijaisha. Ukionekana, maelekezo yanaita faili linalofuata, nalo linaiita Windows. Mnyororo ukikatika popote, vitu vyote vipo ila hakuna wa kuviita. Sidii inatakiwa kwa sababu ina mnyororo wake yenyewe: mashine inaamkia humo, inarudisha kilichopotea, na mafaili hayaguswi.

Dakika chache tu. Ila uwe nayo.

Watengenezaji wengi waliacha zamani kuweka sidii ndani ya boksi. Wakaweka nakala kwenye kona ya diski ileile ambayo siku moja itagoma. Kampuni za Ulaya zikiuza mashine kuukuu hufuta diski ili siri zao zisivuke bahari, na kona ile inafutwa pamoja. Muuzaji wa hapa anapiga window kwa flashi yake, na flashi hauzi. Kinachomfikia mnunuzi ni stika tumboni mwa mashine, yenye herufi na tarakimu 25, ushahidi kwamba Windows hiyo ilikwishalipiwa. Mwenye stika hiyo akinunua sidii ya kunakili barabarani, anaitwa mwizi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwandishi anaona marufuku ile iliondolewa mapema mno.

Mwandishi akaenda kutafuta flashi yake mwenyewe. Iliyonunuliwa Msimbazi iliandikwa GB 64, ikashiba kwa GB 4.

Fundi mwingine akapiga window upya. Mafaili, alisema, pole mzee.

Window hiyo ilipangwa kwa kibodi ya Kimarekani, ilhali kwenye ya Kijerumani Y na Z hubadilishana nafasi. Kitufe hakitumi herufi. Hutuma namba ya mahali kilipo, na Windows ndiyo inayoamua namba hiyo isomekeje. Barua kwa serikali ya mtaa imekwishapelekwa, nayo inaanza hivi: "Ndugu Mwenzekiti, naomba nafasi za kuyungumya nawe."