Muda Tuliouokoa Busisi

Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia alipozindua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, sisi watu wa Mwanza tumekuwa matajiri wa muda. Enzi za kivuko, foleni ikifika saa mbili hakuna aliyeshangaa. Leo unavuka kwa dakika chache, hata karanga hujamaliza kumenya.

Nauliza kwa adabu: hizo saa tulizookoa tumezihifadhi wapi?

Maana siku za kivuko nilikuwa nafika kwa shangazi Sengerema kila mwisho wa mwezi. Pale Kigongo nilijua habari za watu nisiowajua hata majina: nani anaoza binti, nani anauguza, ng'ombe wa nani kapotea. Nikifika nimechoka, basi nalala huko huko. Ugali wa muhogo, sato wa mchuzi, na maswali ya shangazi mpaka jogoo awike. Sasa kwa kuwa ni karibu, siendi. Haraka ya nini, si daraja lipo?

Mara ya mwisho sikuzima hata gari. Nilimpungia mkono mlangoni, nikasema nawahi mjini. Nikawahi kweli: nilikaa saa mbili kwenye kochi nikitazama video za mtu anayefundisha namna ya kuokoa muda.

Juzi shangazi kapiga simu. "Mwanangu, nasikia daraja limeharibika?"

Nikamwambia ni zima kabisa.

"Haya," akasema, akakata simu.